Ekzosi ya Bwana Meneja

Ekzosi ya zamani ilikuwa imelala chini ya mkorosho tangu asubuhi, imekatwa vipande viwili, haijaungwa na injini yoyote, na bado ilikuwa inatoa moshi.

Matilda aliiona alipotoka kuanika nguo, akamwita mumewe. Alfonce alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa uani kwao, pale Pangani ya Kibaha. Alijifuta grisi, akacheka.

"Masizi ya miaka mingi hayo, mke wangu. Yanapoa."

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, la viti viwili, limeinama chini kama mjusi. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliliacha mashamba yalipotaifishwa, likaangukia mikononi mwa Bwana Leodegar, meneja wa shirika la umma. Lilikuwa likitoa moshi mweusi unaowafanya watu wageuke, na miaka ile baada ya Azimio la Arusha, kiongozi hakupenda kugeukiwa akiwa ndani ya gari kama lile. Basi akaagiza ekzosi mpya kutoka Nairobi, mabomba mawili yanayong'aa. Alimwambia Alfonce, "Toa uchafu wote wa zamani. Kata, tupa."

Asubuhi ile Alfonce alikata. Ndani ya sailensa, lile kopo la kupunguza mlio, alikuta kitambaa chekundu chenye mafundo, hakijaungua hata ncha. Alikitupa jalalani, akafunga mabomba mapya.

Jioni nyumba ilinuka petroli na udi. Matilda alifungua madirisha, harufu ikazidi. Kulipokucha Alfonce alianza kukohoa, na kila kikohozi kilitoka na uzi wa moshi. Padre alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Matone yalikauka hewani kabla hayajafika kitandani. Padre akapiga ishara ya msalaba, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

"Kuna mtu kifuani mwangu," Alfonce alinong'ona. "Nikiacha kupumua, yeye anaendelea."

Matilda alituma watu Kisarawe wamlete Bi Mwanamkuu, mganga aliyesifika kwa kutoa majini. Bibi alifika mchana, akaitikia shikamoo ya Matilda bila kumtazama, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshamfuata mgonjwa. Alimfunika Alfonce kaniki, akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kitanda kilivyoanza kutetemeka, kwanza taratibu kama gari lililowashwa likiwa limesimama, kisha kwa nguvu hadi vikombe vikagongana kabatini na kuta zikanguruma, na kutoka chini ya kaniki ikapanda sauti isiyokuwa ya Alfonce wala ya mtu yeyote aliyewahi kuwa na mama.

"Nani wewe?" Bibi aliuliza.

"Dereva wa mzungu alinifunga kwenye chuma. Nililala. Mwenye gari wa sasa aliambiwa asinifungue."

"Aliambiwa na nani?"

"Na dereva mwenyewe, kabla hajafa. Mwenye gari akaapa hatanigusa kwa mkono wake. Basi akamleta huyu anifungue."

Hofu yote ilimtoka Matilda. Mahali pake pakaingia hasira, nzito, ya moto, mpaka meno yakamuuma.

"Bibi, unaweza kumtoa?"

"Naweza, mwanangu. Lakini lazima nimwonyeshe pa kwenda. Nimpeleke mwituni, au kwa aliyemtuma mumeo?"

"Kwa aliyemtuma."

"Fikiri kwanza."

"Nimeshafikiri."

Moshi ulitoka kinywani mwa Alfonce, mrefu, mnene, ukapita dirishani, ukaingia kwenye bomba jipya la gari jekundu uani kama nyoka aingiavyo shimoni. Alfonce akavuta pumzi, akalia kama mtoto.

Alasiri ile Bwana Leodegar akaja kuchukua gari. Alikuwa na binti yake, Petronila, aliyevalishwa gauni la Jumapili ili apelekwe matembezi. Mtoto alikimbia moja kwa moja akaketi kwenye kiti cha mbele.

Matilda alimzuia baba. "Bwana meneja, dereva alikuambia kilichomo kwenye ile ekzosi?"

"Mambo ya kishenzi hayo."

"Alikuambia, hakukuambia?"

"Ningemwambia fundi, angekataa kazi!" Leodegar akafungua mlango. "Nipishe."

Eti nipishe! Mumewe alikuwa ndani, midomo imeungua. Matilda alizunguka gari, akafungua mlango wa pili, akamshika Petronila kwapani akamtoa.

"Mwanamke, una wazimu? Mrudishe mtoto!"

"Huyu hakuambiwa kitu. Wewe uliambiwa. Nenda peke yako!"

Leodegar alikuwa ameshaingia na kuwasha injini. Alitaka kushuka, mlango haukufunguka. Gari likaanza kwenda lenyewe, na halikutoa mlio, wala changarawe hazikulia chini ya magurudumu, wala kuku walioruka mbele yake hawakusikika. Nyuma ya kioo Leodegar alikuwa akipiga ngumi, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka.

Petronila alimshika Matilda shingoni. "Mama, mbona baba anapiga kelele na hatumsikii?"

Matilda alimziba macho kwa kiganja. Hasira ilikuwa haijamwisha. Gari lilifika barabara kuu likakata kona kuelekea Ruvu, na huko Ruvu hakuna aliyeliona likipita.