Saa Iliyoandikwa Kiganjani

Jumatatu asubuhi, benki ya katikati ya mji ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Mama Germaine, muuzaji wa samaki wakavu wa Pweto, alikuwa akimgombeza mwanawe Rodrigue kwa kuvaa shati lisilopigwa pasi, mara maneno yakamkwama. Mdomo ukaenda upande.

Watu hawakosi la kusema. Mmoja alisema ni njaa, mwingine akataka mama apelekwe kwenye maombi. Rodrigue alimkimbilia na kikombe cha maji ya sukari, lakini mkono wenye bangili za shaba ukakizuia.

"Usimupe maji, kaka, atapaliwa. Ilianza saa ngapi?"

Alikuwa msichana wa libaya ya manjano, blauzi ya kitenge, na Rodrigue, Mungu amsamehe, aliuona uzuri wake hata wakati ule. Saa hakuijua. Msichana alikuwa ameitazama. Akamshika kiganja, akaandika kwa biki: saa tatu na dakika kumi. Chini yake akaongeza namba ya simu na jina, Émerance.

Hospitalini, daktari aliuliza saa hiyohiyo. Ni kiharusi, akasema, na matibabu yamewahi.

Jioni Rodrigue alipiga simu kushukuru. Kesho yake akashukuru tena. Shukrani gani hiyo ya wiki tatu?

"Leo tena aksanti?" Émerance alimtania.

"Nikiacha aksanti, nitasema nini, mupenzi?"

Wakacheka wote wawili, na neno likabaki limesemwa.

Émerance alikuwa akifanya utafiti kwenye maabara huko Kasapa, juu ya ubongo baada ya kiharusi. Seli za neva, alimweleza, ziliacha kugawanyika zamani. Kiharusi kikizipiga, baadhi hushtuka, zikaanza kujigawa upya, na hiyo ndiyo inaziua. "Ni kama papa, baba muzee wa miaka makumi munane. Anaanguka, anaamuka, anataka kucheza ndombolo. Atakufa. Dawa yetu inamuambia: papa, ikala, tulia."

Rodrigue alicheka, lakini dawa hakuisahau. Mama alikuwa nyumbani, mkono wa kulia umelegea, hana hata neno moja. Siku moja akaenda Kasapa, akamkuta panya aliyepata kiharusi na kupewa dawa ile anatembea vizuri kabisa. Akaiomba kwa ajili ya mama. Émerance akakataa.

"Panya anapata, mama yangu hapana?" Rodrigue alisema, akatoka bila kungoja jibu. Simu zote za Émerance hakuzishika. Akamwacha mama kwa jirani, akapanda lori lake la kazi kwenda Pweto, moyo unamuuma njia nzima.

Aliporudi baada ya wiki mbili, alisikia sauti uani. Mama Germaine alikuwa ameketi na Émerance, samaki mkavu mkononi, mkono uleule wa kulia, akijikaza: "Sa... ma... ki." Jirani alisema binti yule alikuwa anakuja kila siku kumfanyisha mama mazoezi.

Rodrigue alisimama na mabegi yake, machozi yanamtoka.

"Ulimuona panya mumoja," Émerance alimwambia polepole. "Batatu walikufa na dawa ileile. Sikutaka mama akuwe wa ine kufa. Ni hiyo nilikuwa napiga simu kukuambia."

Aibu ilimshika. Aliomba msamaha mbele ya mama yake, akashukuru, akashukuru tena, mpaka Émerance akamwambia inatosha. Basi Rodrigue akachukua biki, akamshika kiganja, akaandika: Jumamosi, saa tatu na dakika kumi.

"Saa hiyo nilikupata," alisema. "Saa hiyo nitakuja na mama kwa baba yako, kukuomba."

Émerance alitazama wino, akatabasamu, akainuka kwenda kunawa harufu ya samaki kabla ya kwenda zake. Nyuma yake Mama Germaine alikusanya nguvu zake zote mdomoni.

"Usi... nawe," alisema.

Émerance akarudi, akaketi karibu naye, kiganja wazi.