Kaniki ya Nyamizi

Miaka michache baada ya reli kufika Shinyanga, Salehe alipata kazi stesheni. Alipakia marobota ya pamba kwenye mabehewa. Alikuwa kijana wa Ujiji, mtu wa mjini, mpenda usafi. Nguo za kazi aliziacha stesheni. Njiani alitembea na kanzu nyeupe, maana hakutaka kila mtu ajue kwamba yeye ni mpakiaji.

Mkewe aliitwa Nyamizi, binti wa wafugaji wa Kisukuma. Walipanga chumba kimoja mjini, kwa Bi Mwahija. Hapakuwa na shamba. Hapakuwa hata na pa kuanika mtama. Kuku wa Nyamizi walilala chini ya kitanda, na Bi Mwahija aliwalalamikia kila asubuhi. Baba yake Nyamizi alikuwa amempa ng'ombe wa maziwa, lakini ng'ombe huyo alibaki kwa baba. Chini ya kitanda asingeenea.

“Bwana, tutoke hapa,” alisema Nyamizi. “Tujenge nje ya mji. Wewe utakwenda kazini kwa miguu, mimi nitalima.”

“Nitatafuta mahali,” alijibu Salehe. “Lakini pawe karibu. Nikichelewa filimbi ya asubuhi, nyapara hanisamehi.”

Palikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kando ya njia ya Kolandoto. Huko kulikuwa na watu wengi na mifugo mingi, ila ni mwendo mrefu. Ya pili ilikuwa karibu na reli, mwendo mfupi tu kutoka stesheni. Huko hakukaa mtu.

Siku moja, kabla ya kazi, Salehe alikwenda peke yake kuangalia sehemu ya pili. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri na kulikuwa na baridi. Alifurahi sana. Miti ilikuwa mingi na kisima kilikuwa karibu. Aliona hata ua wa minyaa uliopandwa zamani na kuachwa. Ndani ya ua yalibaki mafiga matatu, yameota majani.

“Ua wa bure!” Salehe alijisemea. “Watu wengine hawajui bahati.”

Alikwenda kwa Bujiku, mwanangwa, yaani kiongozi wa eneo lile, kuomba ruhusa.

“Watu walihama pale,” alisema Bujiku. “Walikuwa na sababu. Njoo na mkeo, mpaangalie mchana, halafu nitawaeleza.”

“Mzee, kama ni habari za mizimu, mimi siogopi,” alisema Salehe akicheka. “Naomba ruhusa tu.”

Bujiku alichukizwa kukatizwa namna ile. “Haya, kaa,” alisema. Hakusema zaidi.

Walijenga. Ng'ombe aliletwa, akafungwa ndani ya ua wa minyaa. Nyamizi alilima, na siku za kwanza alikuwa akiimba. Kila siku Salehe aliondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Alikunywa maziwa, akanyoosha miguu, akajisifu. “Nimechagua vizuri, sikuchagua vizuri?”

Nyamizi hakujibu kama mumewe alivyotaka.

“Bwana, kuna nzi hapa. Wananiuma nikienda kisimani. Wanauma kama sindano, hata juu ya nguo.”

“Nzi gani? Mimi napita njia hiyohiyo kila siku. Hakuna aliyeniuma hata mara moja.”

“Basi nakudanganya?”

“Sisemi unadanganya. Nasema unataka kwenda Kolandoto, karibu na mama yako.”

Maneno hayo yalimuuma Nyamizi kuliko nzi. Aliendelea kwenda kisimani kila mchana, amejifunga kaniki yake nyeusi, kama wanawake wote wa wakati ule.

Ng'ombe akaanza kukonda. Majani yalikuwa tele, lakini mbavu zilionekana. Manyoya yalisimama na machozi yalimtoka. Maziwa yalikauka. Asubuhi moja Nyamizi alimkuta amelala ubavu ndani ya ua. Amekufa. Siku ile Salehe alikuwa na mapumziko. Alisimama mbele ya mzoga, mikono kichwani, asiamini macho yake.

“Jana alisimama!” alisema. “Jana tu!”

Mtu mmoja alitokea porini. Alibeba mti mrefu wenye kitambaa cheusi, na mfukoni alikuwa na chupa ndogo. Alipouona moshi wa jiko, alisimama ghafla.

“Mwangaluka, mayu,” alimsalimu Nyamizi kwa Kisukuma. Kisha akawatazama wote wawili kwa hofu. “Mnafanya nini hapa? Msiniambie mnakaa hapa!”

“Tunakaa,” alisema Salehe. “Wewe nani?”

“Naitwa Maganga. Nafanya kazi na watu wa serikali wanaochunguza mbung'o. Pori hili limejaa mbung'o. Ndio waliomuua ng'ombe wenu. Ndio waliowahamisha watu wenye ua huu.”

“Mbung'o?” Salehe alikasirika. “Mimi nina macho. Sijawaona!”

Nyamizi alitazama kile kitambaa cheusi cha Maganga. Nzi wawili wa kijivu walikuwa wametua juu yake, mabawa yamelaliana. Aliwatambua. Akaitazama kaniki yake, kisha kanzu ya mumewe.

Aliingia ndani, akajifunga khanga yake kuukuu. Alitoka na kaniki mkononi, akamtupia mumewe mabegani.

“Nenda kisimani,” alisema.

“Nivae kaniki? Mimi mwanamume?”

“Nenda. Jua limepanda. Nenda kama ninavyokwenda mimi.”

Salehe alimtazama Maganga akitarajia msaada. Maganga aligeuza uso, asicheke. Salehe akaondoka amenuna, kaniki ikining'inia mgongoni.

Hakufika kisimani. Walisikia kelele, kisha wakamwona anakuja mbio, anajipiga shingoni, anajipiga mgongoni, kiatu kimoja hana. Aliingia uani akitweta.

“Wananifuata!” alipiga kelele. “Nikitembea wananifuata! Nikiwafukuza wanarudi!”

Maganga alimpokea kaniki. “Mbung'o hufuata kitu cheusi kinachotembea,” alieleza. “Ndiyo maana sisi tunabeba kitambaa hiki, tuwakamate. Kanzu yako haiwavutii sana. Lakini usidhani ni dawa, anayevaa nyeupe naye huumwa. Tena wewe unapita alfajiri, wakati wa baridi. Mbung'o hutulia. Mkeo anapita jua likiwa kali, wakati wanapowinda. Wewe unalala hapa. Anayeishi hapa ni yeye.”

Salehe alikumbuka kila alichomwambia mkewe, na aibu ikamshika.

Maganga alimgeukia Nyamizi. “Mayu, una homa?”

“Inakuja na kuondoka. Na kichwa kinaniuma.”

“Kuna mahali palipovimba baada ya kuumwa?”

Nyamizi alionyesha nyuma ya mkono. Palikuwa na uvimbe mwekundu, mkubwa kuliko jipu la kawaida. Salehe hakuwa ameuona. Alikuwa akirudi kiza kinaingia.

“Mpeleke hospitali ya Kolandoto leo,” alisema Maganga. “Usingoje kesho. Mbung'o anaweza kumtia mtu malale. Kwanza ni homa. Baadaye ugonjwa unaingia kichwani. Mtu anasinzia mchana, anachanganyikiwa, na mwisho anakufa. Akitibiwa mapema, anapona.”

Salehe aliona ng'ombe pale chini. Aliona mkewe amesimama karibu yake, amekonda pia, na yeye hakuliona hilo mpaka siku ile. “Nimemuua mke wangu,” alisema. Alilia mbele ya mgeni bila kujificha.

“Hujaniua bado,” alisema Nyamizi. “Twende.”

Kolandoto walimchoma kidoleni, wakatazama tone la damu kwa kioo cha kukuzia vitu. Wadudu wa malale walikuwamo. Salehe aliposikia, alikaa chini sakafuni. Mganga wa hospitali alimwinua. “Hawajafika kichwani,” alisema. “Mmewahi.” Damu ya Salehe nayo ilitazamwa, ikawa safi. Akaambiwa arudi kupimwa tena.

Nyamizi alibaki kuchomwa sindano, na Salehe akarudi kulala mjini kwa Bi Mwahija. Kila alipopata nafasi, Salehe alitembea kutoka stesheni mpaka Kolandoto kumwona. Njiani alipumzika katika kijiji kimoja kilicho katikati, kwenye ile sehemu ya kwanza aliyoiacha. Pale vichaka vilikuwa vimekatwa pande zote. Ng'ombe walikuwa wengi, wanene, na watoto waliwachunga mchana kutwa. Salehe alianza kuuliza. Mnateka wapi maji? Kuni mnatoka nazo wapi? Kuna mtu aliyehama hapa, na kwa nini? Safari hii hakumkatiza mtu.

Siku ya kumchukua Nyamizi ilipofika, alikuwa amepona homa, na uso wake umerudi. Alimkuta mumewe mlangoni mwa hospitali, akapigwa na mshangao. Salehe alikuwa amejifunga kaniki ya mkewe juu ya kanzu.

“Umerukwa na akili?” aliuliza.

“Nimeivaa tangu stesheni,” alisema Salehe. “Nimetembea nayo jua kali, mpaka kisima cha kijiji kile, mpaka wanakokata kuni, mpaka hapa. Watu wamenicheka njia nzima. Bi Mwahija aliniita kichaa.”

“Na nzi?”

“Hakuna hata mmoja. Lakini sikuomba kiwanja. Nimekungoja wewe.”

Walikwenda pamoja mpaka kijiji kile. Nyamizi aliivaa kaniki yake. Alikwenda kisimani mchana, akarudi. Alikwenda kwenye kuni, akarudi. Alizungumza na wanawake wa pale kwa Kisukuma, kwa kirefu, huku Salehe akingoja kando ya njia na jua likimchoma utosini. Kutoka pale mpaka stesheni angelazimika kuamka mapema sana kila siku ya Mungu. Alilijua hilo, akaendelea kungoja.

Mwishowe Nyamizi alirudi.

“Ni mbali kwako,” alisema.

“Nitatembea.”

Walijenga pale kabla ya mvua. Kabla ya kujenga, Salehe alikwenda kwa mwanangwa Bujiku, akamwamkia shikamoo na kumwomba radhi. Alirudi pia kwenye ule ua wa zamani wa minyaa. Alichukua ubao na masizi ya chungu, akaandika maneno makubwa, akaufunga njiani: “Usijenge hapa. Mbung'o. Njoo na mkeo, mchana.”

Baba yake Nyamizi alileta mtamba badala ya ng'ombe aliyekufa. Mtamba huyo alizaa mwaka uliofuata. Jioni, Salehe anaporudi kutoka stesheni, miguu imejaa vumbi, haulizi tena kama alichagua vizuri. Anauliza, “Mchana wako ulikuwaje?” Kisha anakaa, anasikiliza mpaka mwisho.