Kocha Alipomtetea Mshale

Wiki ya usajili, chuo kizima kilikuwa kama siku ya soko. Wanafunzi wapya walisukumana na masanduku yao mbele ya mkahawa, spika zikipiga kelele, jua likichoma utosi. Katikati ya vurugu hiyo, dada mmoja mwenye gauni la njano alipanda juu ya kiti ili abandike bango ukutani. Kiti kikayumba. Mkono wenye nguvu ukakidaka.

"Dada, ukianguka hapa watasema nimekusukuma."

"Basi kishike vizuri, kaka, usije ukapata kesi bure."

Mwanamume huyo alikuwa kocha wa timu ya mpira ya chuo: mrefu, suti ya michezo ya bluu, filimbi shingoni. Akalisoma bango.

"Kumbe ndiwe mshauri mpya wa mambo ya ukatili wa kijinsia! Njoo uwafundishe vijana wangu. Miguu wanayo, vichwa ndiyo kazi."

"Na kocha wao, kichwa kipo?"

"Kilikuwepo, mpaka nilipokuona."

Mshauri akacheka bila kutaka.

Akaenda kuwafundisha. Akawauliza: rafiki yako akimpiga mpenzi wake, utafanya nini? Wachezaji wakainama wakichekacheka. Kocha peke yake ndiye aliyejibu: "Namtoa pale kwanza. Urafiki baadaye." Jibu hilo ndilo lililommaliza Mshauri. Mvua zilipoanza, walikuwa wanakula pamoja kila mchana, na simu hazikupumzika.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado, nakusubiri wewe."

"Utakonda, mama anilaumu. Kila nikimpigia anamuulizia mkwe wake."

"Mwambie mkwe hajachumbiwa bado."

"Jamani! Nipe nafasi nipange maneno."

Kisha mchana mmoja, msichana wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwa Mshauri, shingo imezungushiwa skafu kwenye joto lile. Alipoifungua, alama za vidole zilikuwa bado mbichi.

"Ni Mshale," alisema.

Mshale alikuwa mpenzi wake, winga wa timu na kipenzi cha chuo kizima.

"Usimwambie Kocha, dada. Yule anamwita mwanangu."

Mshauri akaahidi, na ahadi akaitunza. Akaiomba kamati ya nidhamu imwondoe Mshale chuoni mpaka shauri lisikilizwe. Mchana ule alikula na Kocha, akaacha baada ya tonge mbili.

"Una nini leo, mpenzi?"

"Kichwa tu. Kitapoa."

Kesho yake simu ikaita. Kocha hakusalimia.

"Unamwitia Mshale wangu kamati wiki ya fainali, na jana tumekula sahani moja!"

"Siruhusiwi kukwambia habari za ofisi."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

"Haya. Sasa nimejua ninavyohesabika kwako." Akakata.

Mbele ya kamati, Kocha alisimama wima. "Huyu kijana nimemlea mwenyewe, ana heshima. Huu ni ugomvi wa wapenzi tu." Wajumbe wakatazamana, wakakubaliana kwamba jambo hilo lisubiri fainali ipite. Mshauri alibisha mpaka sauti ikamkauka. Mlezi wa wanafunzi akamwambia asikuze mambo.

Timu ilishinda. Mshale alifunga bao, akabebwa juu juu. Alasiri iliyofuata alimvizia yule msichana kwenye ngazi za maabara. Watu walikuwepo, wengi tu. Karibu wote walikuwa wamepitia mafunzo ya Mshauri. Hakuna aliyesogea mpaka msichana alipoacha kupiga kelele.

Polisi walimchukua Mshale. Msichana alivunjika taya, na jicho moja halitaona tena. Baba yake alikuja, akaenda bwenini kukunja nguo za binti yake moja moja. Alimuuliza Mshauri swali moja tu.

"Alikuja kwenu kuwaambia?"

"Alikuja, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kukunja. Afadhali angemtukana.

Kocha alimkuta Mshauri kwenye benchi la hospitali. Shati limekunjamana, macho mekundu. "Nisamehe," alisema, na kabla hajamaliza Mshauri alikuwa ameshaegemea kifuani pake. Walilia pamoja. Mpita njia angedhani ni mke na mume waliofiwa na mtoto.

"Tuoane," Kocha alinong'ona. "Tuhame, tukaanze upya popote."

"Nakupenda," alisema Mshauri, akijitoa taratibu mikononi mwake. "Hilo halijaondoka, na ndilo linaloniua. Lakini kila ukiniita mpenzi, nasikia sauti ileile ikisema ni ugomvi wa wapenzi tu. Siwezi kuzeeka nayo."

"Nifanye nini basi?"

"Kawaambie vijana wako ulichofanya. Si alichofanya Mshale. Ulichofanya wewe."

Jumamosi simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Kocha kulikuwa na honi na makondakta wakiita abiria.

"Nimeacha kazi. Nipo stendi, narudi kwa mama."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia yote. Nimelia mbele yao."

"Wakasemaje?"



"Mmoja aliuliza, Mshale akitoka rumande, msimu ujao atacheza?"

Mshauri alikaa sakafuni, mgongo ukutani, simu sikioni, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake. Basi likapiga honi.

"Kaa salama, mpenzi," Kocha alisema, kisha akashtuka. "Samahani. Neno limenitoka."

"Safari njema," alisema Mshauri. Akaishikilia simu hivyo hivyo hata baada ya upande wa pili kukatika.