Duara Jekundu Mlangoni

Asubuhi ile Mama Pacha alikuwa ameinama kwenye beseni, mashuka ya watu yakimfika viwikoni, na bomba la uani likitoa maji kwa manung'uniko kama mzee aliyeamshwa mapema.

Alikuwa dobi. Nyumba waliyopanga ilikuwa na vyumba kumi vilivyozunguka ua mmoja. Katikati ya ua palikuwa na bomba na kamba za kuanikia. Wengine waliuita ua, lakini kwake yeye ilikuwa ofisi. Mshahara wa mumewe, aliyekuwa mlinzi wa usiku, ulikuwa kama blanketi la mtoto: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Miguu hiyo ndiyo iliyofunikwa na bomba lile na kamba zile.

Ndipo akaingia msimamizi wa nyumba, kopo la rangi mkononi. Hakubisha hodi wala hakusalimu. Akachora duara jekundu kwenye mlango wa Mama Pacha. Akauruka mlango wa Bibi wa Kona. Akachora wa Kinyozi, akaruka miwili, akachora mwingine. Tone la rangi lilimwangukia kwenye mkono wa shati lake jeupe, akalifuta kwa kidole, likazidi kutapakaa. Akaondoka.

Wapangaji wakatazamana.

"Wenye alama ndio wanaobaki," alisema Bibi wa Kona. "Ng'ombe aliyechaguliwa ndiye anayetiwa alama."

"Na wa kuchinjwa je, Bibi?" aliuliza Kinyozi. "Naye si hutiwa alama?"

Mama Pacha alilitazama duara lake mpaka macho yakamuuma. Mara lilionekana kama jua, mara kama kidonda.

Alasiri msimamizi alirudi, safari hii akigonga taratibu, mlango mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Mama Pacha alisogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Wewe usiwe na wasiwasi. Nyumba itatengenezwa. Wengine watatoka, wewe utabaki. Ila usimwambie mtu, watakuonea kijicho."

Akakohoa, akahamia mlango wa pili. Mama Pacha alisikia mnong'ono ukutani kwa Kinyozi, akamhurumia jirani yake kwa habari mbaya anayopewa.

Alimwamsha mumewe akampa siri hiyo. Mlinzi alikaa kitandani akijikuna kichwa.

"Habari njema hainong'onwi, mke wangu. Kama tunabaki, kwa nini asiseme mbele ya watu?"

Mama Pacha alimwambia arudi kulala, akili yake bado iko lindoni.

"Ndiyo kazi yangu," alisema mlinzi. "Nalinda mali za watu usiku kucha, na nyumba yangu haina wa kuilinda."

Kuanzia siku hiyo bomba likawa bubu. Watu walichota maji wakiangalia ndoo. Kila mmoja alimwonea huruma mwenzake, na kila mmoja alidhani yeye ndiye mwenye bahati. Mama wa chumba cha mwisho hakungoja hata kuuliza. Alifunga virago vyake alfajiri akahamia mbali, bila kuaga.

Kinyozi alikuja kwa Mama Pacha kwa siri. Dobi anajua kutoa madoa, sivyo? Basi shemeji amsaidie kitu cha kutoa rangi. Msimamizi alimwahidi kwamba anabaki, lakini yeye lile duara halimpi usingizi. Mama Pacha alimpa mafuta ya taa na kitambaa. Ulimi ulimwasha kumwambia kwamba mwenye alama ndiye anayebaki. Akaumeza. Tena, moyoni kabisa, alifurahi kidogo, maana kamba za kuanikia zingekuwa zake peke yake.

Kinyozi hajafika mbali, akaja Bibi wa Kona. Yeye aliahidiwa kubaki, lakini mlango wake hauna alama. Je, dobi anajua kitu chekundu kisichotoka kwa mvua? Mama Pacha alichanganyikiwa, mikono ikimdondoka povu. Mmoja anaifuta, mwingine anaitafuta, na wote wawili wameahidiwa kubaki! Alisema hajui. Bibi hakukata tamaa. Kesho yake mlango wake ulikuwa na duara zuri, limechorwa kwa dawa nyekundu ya kung'arishia sakafu.

Siku chache baadaye aliingia seremala, futi mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Bibi, akaubonyeza kwa kidole. Kidole kikazama.

"Huu wote umeliwa na mchwa," alisema. "Nani kautia alama?" Kisha akaugonga mlango wa Kinyozi, akaunusa. "Na huu ni wa mbao ngumu kabisa, mbona umefutwa? Mnanichanganya, ndugu zangu."

"Unachanganyikiwa na nini?" aliuliza Mama Pacha. "Alama zina maana gani?"

Seremala alimtazama kwa mshangao. Alidhani wanajua. Mwenye nyumba anaivunja nyumba yote mwezi ujao, ajenge maghorofa. Milango yenye alama ndiyo mizuri, yeye ameinunua. Isiyo na alama ni kuni.

Mama Pacha aligeuka akautazama mlango wake.

"Kumbe kilichochaguliwa ni mlango," alisema polepole. "Si mimi."

Bibi wa Kona alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa machozi yalikuwa yamemjaa. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa na mnunuzi. Mama Pacha na watoto wake pacha hawakuwa na pa kwenda.

Hapo ndipo Kinyozi aliposema kwa sauti alichonong'onezwa. Bibi naye akasema. Mmoja baada ya mwingine walisema, na maneno yalikuwa yaleyale, hata kikohozi kilikuwa kilekile. Mama Pacha alisema mwisho, na akaongeza lile la mafuta ya taa: kwamba alimwacha Kinyozi afute alama akidhani anajiondoa mwenyewe. Kinyozi alitikisa kichwa. "Shemeji," alisema, "angalau mafuta hukunitoza."

Bibi alimjua muuguzi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye yeye na majirani zake walipita njia hiyohiyo wakavuka. Muuguzi alikuja akitoka kazini, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaanza kueleza habari za kamati, kibali, taarifa na pingamizi. Mama Pacha alijitahidi kumfuata, lakini maneno yalimteleza kama sabuni.

"Dada, mimi sijaelewa," alisema mwishowe. "Kuta si za mwenye nyumba? Mtu akitaka kuvunja chake, nani atamzuia?"

"Kuta ni zake," alijibu muuguzi. "Lakini ndani ya kuta mnaishi nyinyi, na kodi mmelipa. Mpangaji si kiroboto wa kukung'utwa na shuka. Sheria za miji hazifanani, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuliza haki zenu ni zipi. Na kuuliza ni kwenda wote. Akienda mmoja, ataambiwa tatizo ni lake."

Akawaeleza polepole. Waendelee kulipa kodi na kutunza stakabadhi, wasije wakaonekana wakosaji. Asihame mtu wala asitie sahihi peke yake. Wachague wasemaji. Wasikatae ujenzi, wadai nyumba bora ambayo hata mlinzi ataiweza kodi yake. Kisha akawapa sharti moja ambalo Mama Pacha alilielewa mara moja: kila atakayenong'onezwa jambo, alitoe pale bombani kabla jua halijazama.

"Mnong'ono ndio ulioanza kuivunja nyumba hii," alisema. "Nyundo ingefuata tu."

Ofisi ya mji ilikuwa na madirisha mengi kuliko majibu. Dirisha la kwanza liliwatuma la pili, la pili likawarudisha la kwanza. Mara mbili walirudi nyumbani wamechanganyikiwa kuliko walivyokwenda. Mara ya tatu walikwenda vyumba vyote tisa, Bibi na kiti chake, na afisa wa makazi akatoka nje kuuliza kelele ni za nini.

"Msemaji wenu ni nani?"

Mama Pacha alihisi viwiko viwili mgongoni. Maneno yote aliyofundishwa yalimtoka. Akasema yaliyobaki.

"Hatukatai maghorofa. Lakini mji huu unataka mashuka safi, na dobi hautaki akae karibu. Unataka ndevu zinyolewe, na kinyozi alale wapi? Unataka kulindwa usiku, na mlinzi mchana aende wapi? Tukihamia mbali, nauli itakula mkate wa watoto. Tengenezeni, lakini tengenezeni na sisi ndani."

Afisa alikuja kuikagua nyumba. Ikabainika kwamba kibali cha kuvunja kilikuwa hakijatolewa. Mwenye nyumba akaitwa, vikao vikawa vingi, na Mama Pacha hakuelewa nusu ya yaliyosemwa humo. Alielewa mwisho wake: nyumba itakarabatiwa upande mmoja kwanza, wapangaji wajibane upande wa pili, kisha wabadilishane, kodi itapanda kidogo, kwa makubaliano ya maandishi, na hakuna atakayetolewa. Seremala alirudishiwa fedha zake. Chumba cha mwisho kilipata mpangaji mpya, maana yule mama aliyeondoka alfajiri hakupatikana tena. Hilo lilimuuma Mama Pacha kila alipopita pale.

Baada ya paa jipya kukamilika, msimamizi aliingia uani, akanyemelea hadi kwenye beseni, akasogeza mdomo sikioni.

Mama Pacha aliliinua beseni tupu akalipiga kwa ngumi. Milango yote ikafunguka. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja nyuma yake akiwa na povu shavu moja. Mlinzi alitoka na shuka kiunoni.

"Sema sasa," alisema Mama Pacha. "Tunakusikiliza."

Msimamizi aliwatazama, akachanganyikiwa. Kisha akatoa shati jeupe kwenye mfuko, mkono wake una doa jekundu.

"Nilikuwa naulizia tu bei ya kutoa hili," alisema.

Mama Pacha alilitandaza juani watu wote waione ile rangi.

"Bei ni ile wanayolipa wote," alisema. "Hapa hatunong'oni."