Rangi Nyuma ya Rimu

Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya misonobari Ezell Pinckney alipoegesha pikapu yake mbele ya nyumba ya shangazi yake Vashti. Alifuata rimu tu. Rimu moja ya chuma ya gurudumu la gari, iliyopigiliwa ukutani kando ya bomba, ambayo bibi yule aliizungushia mpira wa kumwagilia bustani tangu Ezell akiwa mtoto wa shule.

Aliitambua kabla hajaishika. Akasugua kutu kwa kitambaa karibu na tundu la valvu. Herufi mbili zikajitokeza, na kando yake tarehe iliyogongwa kiwandani, ikitangulia kidogo kuundwa kwa gari lenyewe, kama inavyotakiwa.

Moyo ukamruka.

Ilikuwa pacha wa zile tatu alizokwisha kuzikusanya kwa ndugu: moja Savannah, moja ikizuia lango la kanisa lisipigwe na upepo, moja bandani ikinyweshea kuku. Zote zilitoka kwenye Pontiac nyekundu, gari la marehemu kaka yake, Lucious. Rimu ya tano, ya gurudumu la spea lililosahaulika kwenye buti la gari, ambayo haikuwahi kukanyaga barabara, ndiyo iliyomfundisha herufi za kutafuta.

"Umeipata," sauti ilisema kutoka barazani.

"Nimeipata, shangazi. Jumapili napeleka gari maonyeshoni. Rimu nne za asili. Nani mwingine anazo kaunti hii?"

"Mama yako alizitawanya kwa mkono wake. Hukujiuliza kwa nini?"

"Alitaka ndugu wafaidi chuma."

Bibi akacheka kwa pua. "Chuma. Haya." Kiti chake kikalia kidogo gizani. "Mbele paka utakavyo. Ing'arishe mpaka uone meno yako. Nyuma usiguse."

Ezell akaigeuza. Nyuma ilikuwa imepakwa samawati iliyofifia, ile ile ya dari za baraza zote za kwao. Rangi ambayo mfu akiiona hudhani ni maji, akashindwa kuvuka. Zile tatu nazo zilikuwa hivyo.

"Waamuzi huingiza kioo chini ya gari, shangazi. Wakiona samawati wananikata pointi. Kiwandani hakuna aliyepaka rangi hii."

"Ya kiwandani unayajua. Haya ni ya nyumbani. Moja ikikosekana, hatembei. Zikikutana nne, kila moja iwe na rangi yake."

"Nani hatembei?"

"Orabelle hajambo?"

"Hajambo."

"Mtazame," alisema, akaingia ndani.

Orabelle alikuwa dada yake. Ndiye aliyemlea Ezell baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo waliishi wawili katika nyumba ile ile ya zamani. Hakuolewa. Alikuwa mwepesi wa mzaha, lakini jua likianza kushuka hakukaa barazani hata siku moja. Jioni moja akiwa msichana, Lucious alimwambia, "Vaa vizuri. Jua likizama nakupitia twende dansi." Akavaa gauni la manjano, akangoja. Lucious alikuwa njiani kumfuata kwa ile Pontiac, daraja la Tolliver lilipomtupa mtoni.

"Umeoa vyuma wewe," Orabelle alimtania Ezell alipomkuta kainama juu ya beseni la dawa ya kutoa rangi. "Hata mwanamke mwenye matege angekusikitikia."

"Niache, dada."

"Nishike nikusaidie? Lucious alinifundisha kubadili gurudumu kabla mama hajanifundisha kusuka nywele. Alikuwa akisema, gurudumu lisilo na nati huenda safari moja tu."

Aliondoka akicheka. Ezell akaendelea kusugua.

Samawati ilitoka taratibu, kwa vipande vyepesi, kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Chini yake rangi ya kiwandani ilikuwa nzima, nyeusi, ya kupendeza. Ila kulikuwa na harufu... Si ya dawa. Harufu ya tope la mto, na ndani yake, mbali, mafuta ya nywele ya aina ambayo haiuzwi tena.

Akafungua dirisha. Akamaliza zote nne.

Jumamosi jioni, zikiwa zimeshavikwa matairi, akazifunga. Gari lilikuwa uani, betri yake ikichajiwa juu ya meza gereji. Jua lilibaki kipande kama ukucha. Akakaza nati ya mwisho, akafuta mikono.

Honi ikalia.

Mara mbili, fupi.

Ezell alitazama meza. Betri ilikuwa pale pale.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Orabelle alitoka pekupeku, midomo kaipaka rangi nyekundu, gauni la manjano limembana mabegani na halikufunga mgongoni. Macho yake yalikuwa macho ya msichana.

"Huyo kaja," alinong'ona. "Kachelewa kidogo tu."

"Dada, rudi ndani."

Hakumsikia. Mlango wa abiria ukajifungua polepole. Maji yakadondoka kutoka kwenye kiti... tone... tone... juu ya changarawe. Ile harufu ikajaa ua mzima.

Ezell alijitupa chini na jeki. Nati alizozikaza sasa hivi zilikuwa zimelowa, baridi kama mawe ya kisimani. Ya kwanza. Ya pili. Miguu ya dada yake ilipita karibu na uso wake. Ya tatu. Mkono wa Orabelle ulishika mlango. Ya nne, ya tano, akaivuta rimu kwa nguvu zote ikamwangukia kifuani.

Mlango ukafungwa. Taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Orabelle akapepesa macho. "Ezell? Mbona niko nje bila viatu?"

Ezell alizitia nati zote tano mfukoni mwa koti lake, mtu asije akaifunga tena.

Asubuhi hakwenda maonyeshoni. Orabelle alipika uji wa mahindi kwa kamba wa baharini, akala vizuri, akamcheka Ezell kwa macho yake mekundu ya kukesha. Hakukumbuka lolote. Ezell alimtazama mchana kutwa, akatazama na gari, lililosimama juu ya jeki, limeinama upande mmoja kama mbwa mgonjwa.

Shangazi Vashti hakurudi kutoka kanisani mpaka alasiri.

"Nenda," Orabelle alimwambia. "Nitakufunikia chakula. Mimi si mtoto."

Bibi aliiona rimu mikononi mwa Ezell mlangoni. Alileta kopo la samawati na brashi, akaketi, akaanza kupaka. Rangi ilifika kila kona.

"Walilivuta gari toka mtoni, wakaliacha uani," alisema. "Siku ya pili baada ya maziko, jua linazama, tukasikia honi. Orabelle alikuwa kashafika mlangoni mwa gari. Mama yako alimkamata nywele, akamshikilia hivyo mpaka kulipokucha. Kaka yako hajui kama kafa, mwanangu. Alitoa ahadi, na Lucious hakuwa mtu wa kuvunja ahadi."

"Mbona hukuniambia?"

"Tuliapa kutomtaja. Ukimtaja unamwita." Brashi ilienda, ikarudi. "Zile tatu umeshazipaka?"

"Nitazipaka nikirudi. Ulisema moja ikikosekana hatembei."

"Ndiyo. Mama yako alitoa zote nne. Ikabaki ile ya kwenye buti tu, na moja peke yake itakwenda wapi?"

Brashi ikasimama.

Walitazamana. Nje, misonobari ilikuwa imeanza kuwa myeusi.

"Ezell," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Ile ya kwenye buti... bado ipo?"

Ezell alikuwa amekwisha kushika funguo.

Maisha yake yote alizisoma rimu za watu. Aliweza kukuambia rimu ilitoka kiwandani majira gani kwa kuipapasa tu. Akahesabu nne, kama waamuzi wanavyohesabu. Gari huzaliwa na tano.

Jua lilikuwa limezama alipoingia uani.

Jeki ilikuwa imeshushwa, imelazwa kando ya nyasi, spana juu yake. Pontiac haikuwepo. Kulikuwa na alama nne za matairi kwenye changarawe, zote zimelowa, zikitoka kuelekea barabara ya Tolliver.

Barazani, chini ya dari ya samawati, viatu vya Orabelle vilipangwa sambamba. Juu ya meza sahani ilikuwa imefunikwa. Aliigusa. Ilikuwa bado ya moto.

Mbali, upande wa mto, honi ikalia mara mbili, fupi.

Ezell alikimbilia pikapu, na kila hatua aliyopiga, mfukoni mwa koti lake, nati zote tano ziligongana.