Blanketi Kwenye Dirisha la Kikaushio

Kila asubuhi Musoki alianza na mihogo kabla ya chai. Alifungua mlango wa kikaushio, akachukua kipande kimoja, akakivunja. Kikilia "ko", alifurahi. Kikipinda bila kulia, siku yake iliharibika.

Musoki aliishi Karambi, juu kidogo ya mji wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, pamoja na mumewe Enoka na binti yao Night. Huko Karambi, mtu hajala mpaka ale obundu, yaani ugali wa muhogo. Mpe wali sahani mbili, bado atauliza chakula kiko wapi. Kwa hiyo mihogo haikosekani. Shida yao ilikuwa kuikausha.

Zamani wanawake waliianika kando ya barabara. Mbuzi walikula. Magari yalirusha vumbi. Mvua ilipokuja, watu walikimbia na maturubai huku wakigongana. Unga wao ulikuwa na mchanga. Wanunuzi wa soko la Bwera waliutafuna kidogo, wakautema, wakaenda zao.

Kisha wanawake hao wakaunda kikundi, wakapata kikaushio. Kilitoka katika kituo kimoja cha wilaya, kule Kasese mjini, kinachowasaidia wabunifu na wafanyabiashara wadogo. Kilikuwa kijumba cha vyuma na plastiki inayopitisha mwanga. Ndani kilikuwa na trei za kuanikia. Kilikuwa na dirisha moja chini na jingine juu. Fundi aliyekibuni ni kijana mmoja aliyeitwa Davis.

"Mtakitumia kwa miezi sita," watu wa kituo waliwaambia wanawake wa kikundi. "Mkifaulu, ni chenu. Tutawasaidia kusajili kikundi na kutafuta soko. Mkishindwa, tutakipeleka Kikorongo. Kuna kikundi kinasubiri."

Kikaushio kiliwekwa nyumbani kwa Musoki, na ufunguo akapewa yeye. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake walete mihogo yao. Docus, jirani yake, alikuwa mgumu kuliko wote. Musoki alimbembeleza wiki nzima, mpaka Docus akaleta mavuno ya shamba lake lote la chini.

Mihogo ya kwanza, ya wenzake waliotangulia, ilikauka vizuri, kwa sababu jua lilikuwa kali. Hajati Halimah, mfanyabiashara mkubwa wa unga pale Bwera, aliupenda unga ule. Akasema, "Leteni mwingine kama huu. Nitachukua wote."

Halafu mvua za Machi zikaanza.

Ukungu ulishuka kutoka mlimani kila siku saa tisa alasiri. Baridi iliingia ndani ya kikaushio kupitia madirisha yale mawili. Musoki alifikiri kama mpishi. Chungu kikifunikwa huchemka upesi. Chungu kikiachwa wazi hupoteza moto. Akachukua blanketi kuukuu la Night, akalichana vipande viwili. Kipande kimoja akakishindilia kwenye dirisha la chini, kingine kwenye dirisha la juu.

Kweli, ndani kukawa na joto. Plastiki ikatoa matone ya maji. Musoki alimwita Enoka, akamwonyesha.

"Ona, Baba Night. Nyumba inatoa jasho. Joto iko nyingi."

"Iko nyingi sana," Enoka alisema. Naye alifurahi, maskini.

Siku ya tano, Jumatatu, Musoki alifungua mlango, akakutana na harufu. Akavuta trei ya kwanza. Mihogo ilikuwa na kuvu la kijani na jeusi. Akavuta ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa vilevile. Ile ilikuwa mihogo ya Docus.

Na Alhamisi watu wa kituo walikuwa wanakuja kukagua.

"Tufanye nini?" alimuuliza Enoka kwa sauti ndogo.

Enoka alikuna kichwa. "Wazee walikuwa wanafunika muhogo na majani mpaka inaota ndevu. Halafu wanakwangua, wanasaga. Sisi tumekula, hatukufa. Tukwangue. Tuchanganye na ile unga nzuri imebaki. Nani atajua?"

Nusu ya moyo wa Musoki ilikubali. Nusu nyingine ilikuwa na hofu. Alipofunga mlango, alimkuta Docus amesimama uani na jembe begani.

"Mama Night, ile muhogo yangu iko namna gani?"

"Iko vizuri," Musoki alisema.

"Imekauka?"

"Inaendelea."

Docus alitazama kufuli, kisha akamtazama Musoki. "Haya. Mimi nilikuamini," alisema, akaondoka. Musoki alilibeba neno hilo siku nzima.

Jumanne asubuhi alitafuta vipande ambavyo havikuonyesha kuvu. Akavifunga kwenye kitambaa, akashuka Bwera. Alitaka Hajati Halimah avione, aseme vinafaa. Akisema hivyo, Musoki angekwangua vilivyobaki bila kujilaumu. Mtu mwenye hofu hutafuta wa kumbebea dhambi.

Hajati Halimah alikuwa ghalani, akihesabu magunia. Alipokea kitambaa, akakifungua, akanusa. Kisha akatoa kipima unyevu, kifaa kidogo chenye meno mawili ya chuma. Akakichoma kwenye kipande kimoja.

"Asilimia ishirini na moja," alisema. "Mimi napokea kumi na mbili kwenda chini. Hii iko na maji, mama. Na hii harufu ni ya kuvu."

"Tukikwangua?"

Halimah aliweka kipande mezani. "Sikia. Kuvu ni kama mti. Ile unaona juu ni majani. Mizizi iko ndani. Kuvu zingine ziko na sumu. Huioni, huisikii kwa ulimi, na ukipika haitoki. Inaenda kula ini ya mutu polepole. Leo mutoto anakula, hakuna kitu. Kesho anakula, hakuna kitu. Siku moja anaanguka."

"Lakini wazee walikula."

"Wazee walikula, na wengine walikufa na tumbo, tukasema wamerogwa." Halimah alimtazama usoni. "Ni hii tu, ama iko mingine?"

Machozi yalimtoka Musoki. Akaeleza yote, mpaka blanketi la Night.

"Na fundi amesema nini?"

"Sijamwambia. Nikimwambia, watachukua mashine. Kitu ya serikali ikiharibika mikononi mwako, si unajua? Ni kesi."

Halimah alicheka kidogo, lakini si kwa ubaya. "Namba ya fundi si iko kwa mlango wa hiyo mashine? Waliiandika ya nini, ya kupamba? Mficha maradhi kifo humuumbua, mama. Piga simu. Mimi nimesimama hapa."

Musoki aliijua namba ile kwa kichwa, maana aliiona kila asubuhi, lakini alikosea mara mbili. Davis alipopokea, Musoki alisahau hata salamu. "Mihogo imeoza," alisema. "Yote imeoza." Davis akasema, "Asante kwa kuniambia, mama. Nakuja kesho."

Asante ya nini? Musoki alipanda kilima akijiuliza hilo. Aliona kama mtego.

Jumatano Davis alifika kwa pikipiki, amelowa mpaka magotini. Alimsalimu Enoka kwanza, halafu Musoki. Kisha akaingia ndani ya kikaushio. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, alikuwa na vipande viwili vya blanketi mkononi. Musoki alitazama chini.

"Mama, ulifunga kwa sababu gani?"

"Baridi. Ulisema joto ndiyo inakausha."

"Ni kweli, nilisema. Nilisema nusu." Davis alipitisha kidole kwenye plastiki, akaonyesha tone. "Hii jasho unajua ni nini? Ni maji ya muhogo. Joto imeitoa kwa muhogo. Sasa inataka kwenda, na hakuna mlango. Jioni inapoa, inarudi kwa muhogo. Wewe ukifua nguo, unaianika ndani ya sufuria na kufunika?"

"Hapana. Itanuka."

"Kwa nini?"

Musoki alifikiri. "Haina upepo."

"Ndiyo hiyo. Joto inatoa maji, upepo inabeba. Moja bila ingine ni bure."

Musoki alivielewa vile vitone kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevifurahia siku tano, na ndivyo vilivyomwozeshea mihogo. Lakini hakuwa mtu wa kumezeshwa kila kitu.

"Nikiacha wazi, ukungu inaingia saa tisa," alisema. "Inatoka mlimani, inaingia moja kwa moja kwa dirisha ya juu. Wewe umeweka hiyo dirisha upande wa mlima."

Davis aligeuka, akatazama mlima, akatazama dirisha. Musoki aliogopa kuwa amemkosea mgeni.

"Mama, hii nilichora Kasese mjini," Davis alisema mwishoni. "Huko chini ni joto mpaka jioni. Sikuuliza upepo yenu inatoka wapi. Hiyo kosa ni yangu."

Alitoa daftari, akachora palepale. Dirisha la juu litazibwa. Mahali pake litawekwa bomba refu upande wa bondeni, lenye kofia ya bati na kifuniko. Jua likitoka, fungua dirisha la chini na kifuniko cha bomba. Ukungu ukikaribia, funga vyote viwili. Asubuhi fungua tena. Na mihogo ikatwe vipande vyembamba. Bomba hilo, alisema, Danieri fundi wa kuchomelea pale Bwera analiweza kwa siku moja. Hakuna haja ya kulileta kutoka mbali.

"Na hii imeoza?" Enoka aliuliza. "Tupatie kuku?"

"Hata kuku hapana, mzee. Tuchimbe shimo."

"Watachukua mashine?" Musoki aliuliza. Swali hilo alikuwa nalo tangu Jumatatu.

"Sijui, mama," Davis alisema. "Mimi si mwenye kuamua. Lakini kesho tuwaambie kweli."

Jioni ile Musoki aliwaita wenzake, wote kumi na wanane. Shimo lilikuwa wazi, na trei zimepangwa kando yake. Hakuzunguka mbuyu. Alisema alifunga madirisha, mihogo imeoza, na Jumatatu alimdanganya Docus.

Docus alisogea, akachukua kipande, akakigeuza, akakitupa shimoni.

"Kuoza naweza kusamehe," alisema. "Mvua ni ya Mungu. Lakini nilikuuliza, ukaniambia iko vizuri. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Hata mimi ningeogopa." Docus alipangusa mikono kwenye kanga. "Nimebaki na shamba ya juu. Nitaleta. Lakini kufuli itakuwa na funguo mbili, na moja nitakaa nayo mimi."

Alhamisi watu wa kituo walifika, mwanamke mmoja na wanaume wawili. Waliukuta uani udongo mbichi wa shimo lililofukiwa, na hawakukuta hata kilo moja ya unga mpya. Musoki aliwaeleza yote. Davis akaongeza kosa lake mwenyewe. Yule mwanamke aliandika, akaandika tena. Musoki alitazama kalamu yake jinsi mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Vikundi vingine vinatuonyesha mashine zinazong'aa," yule mwanamke alisema. "Tukiondoka, zinafugiwa kuku. Tunapewa pesa ya umma ili tujue nini inafanya kazi. Tutajuaje mkituficha?" Alifunga daftari. "Wekeni bomba. Nawapa mara moja zaidi. Ikishindikana, mashine inaenda."

Mara moja zaidi. Mihogo ya Docus ya shamba la juu ndiyo iliyobaki kati yao na Kikorongo.

Danieri alileta bomba Jumamosi. Waliloweka mihogo siku tatu, wakaikata vipande vyembamba, wakaianika. Siku ya kwanza mvua ilinyesha mpaka saa nne. Siku ya pili jua lilitoka kwa uvivu. Musoki alikuwa akitazama mlima kila mara hadi shingo ikamuuma. Ukungu ukichungulia tu, Docus alipiga kelele kutoka kwake, "Funga!" na Musoki alikuwa ameshafunga. Plastiki ilikaa kavu. Hakukuwa na jasho. Hilo lilimtia moyo, lakini usingizi wake haukurudi.

Siku ya sita alivunja kipande. Kikalia "ko". Hakuamini, akavunja kingine, na kingine, mpaka Docus akamwambia aache kumaliza mihogo ya watu.

Waliibeba sampuli pamoja mpaka kwa Hajati Halimah. Meno mawili ya chuma yaliingia kwenye muhogo. Musoki alifumba macho.

"Kumi na moja," Halimah alisema. "Leteni yote."

Docus alikaa chini kwenye gunia, akacheka mpaka akalia.

Miezi sita ilipotimia, kikaushio kikawa chao. Kikundi kimesajiliwa, na unga wao unauzwa Bwera na ng'ambo ya mpaka, Kongo. Danieri hachomelei milango tu siku hizi. Kituo kimempa kazi ya kutengeneza vikaushio vingine, na ameajiri vijana wawili. Cha kwanza kati ya hivyo kilipelekwa Kikorongo, kwa kikundi kile kilichokuwa kinasubiri. Davis alimwomba Musoki aende kuwafundisha.

Musoki alifika pamoja na Davis, akiwa na mfuko. Wanawake wa Kikorongo walikaa wakisubiri somo kutoka kwa mtaalamu. Yeye akatoa vipande viwili vya blanketi vyenye madoa ya kijani, akavitandika juu ya trei mpya.

"Hii ndiyo iliozesha muhogo ya Docus," alisema. "Nilifunika dirisha, halafu nikafunika na maneno. Nyinyi mashine ikikataa, semeni siku hiyohiyo. Namba iko kwa mlango."

Kisha akazunguka kile kikaushio kipya polepole. Akatazama dirisha la chini, akatazama bomba, akatazama uwanda mpana wa Kikorongo.

"Kabla hatujaanza," aliwauliza, "hapa kwenu upepo ya jioni inatoka upande gani?"

Davis alikuwa ameshatoa daftari na kalamu.