Fundi Bomba wa Jumamosi

Foleni ya duka la mikate saa saba mchana haina dini. Watu wanasukumana, wanafunzi wanapenyeza mikono chini ya kwapa za watu wazima, harufu ya siagi inawatia wazimu wote, na yule dada wa kaunta anapiga kelele kama mnadi nguo: "Wa nyuma subiri! Mwenye skonzi, sema!"

Mwenye skonzi alikuwa Mwalimu. Jina hilo alipewa na vijana wa kanisani aliowafundisha kila Jumamosi, ingawa kazi yake hasa ilikuwa kushona mapazia, na mchana huo nyuzi mbili za dhahabu zilikuwa bado zimenasa kwenye gauni lake la bluu. Alitaka skonzi za vijana wake wa Jumamosi. Akainua uso kuusoma ubao wa bei, akakunja jicho moja, kisha la pili, kisha yote mawili.

"Mungu wangu, skonzi zimepanda hivi?"

"Hiyo ni bei ya keki, dada," sauti ikasema mgongoni. "Na hilo jicho ukizidi kulikunja litabaki hivyo hivyo."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, miwani ya fremu nyembamba, koti la kazi kalitupia mkononi.

"Kaka, jicho ni langu."

"Ni lako, sikatai. Ila linaomba msaada na wewe unalinyima."

"Kwani wewe ni mlinzi wa macho ya watu?"

"Karibu na hapo. Napima macho, duka la miwani mkabala na kituo cha basi."

"Ahaa! Kumbe wateja mnawawinda kwenye foleni."

"Mimi nilikuja kuwinda mkate. Mteja kanitangulia tu."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja mwenye kapu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akamchungulia kijana vidole vya mkono wa kushoto akatoa hukumu: "Nenda kapimwe, binti yangu. Hana pete huyu."

Mwalimu akaondoka na skonzi zake, shingo imenyooka kama hakusikia. Lakini Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi cha duka la miwani, kavaa blauzi aliyokuwa akiitunzia harusi za watu.

"Soma mstari wa tatu," Mpimaji akasema, kainama karibu.

"Ukisogea hivyo sisomi kitu."

"Basi jicho limepona. Tatizo liko chini yake kidogo, upande wa kushoto."

Nani angebaki na hasira? Wakaanza hivyo, utani kwa utani, na miezi mitatu haikuisha kabla hawajawa kidole na pete. Ila pete yenyewe ndiyo ilikuwa haijaonekana, na hapo ndipo penye habari.

Katika simu ya Mwalimu, Mpimaji hakuandikwa Mpenzi wala Laazizi. Aliandikwa Fundi Bomba.

Alikuwa na sababu. Kila Jumamosi alasiri vijana wake kumi na tisa wakiingia ukumbi wa kanisa kwa somo hutumbukiza simu zao katika kikapu kilicho juu ya meza, ili kwa saa mbili wasikilizane wao na Mungu wao. Simu ya Mwalimu hutangulia, maana sheria aliitunga yeye. Na kila Jumamosi somo hupitiliza muda, Mpimaji hufunga duka, hupiga, na kikapu kizima huanza kutetemeka.

"Mwalimu, Fundi Bomba huyo!"

"Muacheni, nitampigia."

"Kwenu panavuja kila wiki? Si mhame tu?"

Aliyeuliza ni binti wa miaka kumi na sita ambaye wenzake walimbatiza Maswali. Huyo aliwahi kuuliza kama Mungu husikia sala ya mtu anayesinzia, na kama malaika huchoka. Usimjibu kwa mkato, atakusubiri mlangoni.

Jioni Mwalimu humpigia mpenzi wake, na swali la kwanza la Mpimaji huwa moja. "Wale wadogo zangu wameuliza nini leo?"

"Lile la kusinzia."

"Ukawajibuje?"

"Nimewaambia mama yangu akinisikia nakoroma hunifunika shuka. Mungu atashindwaje?"

Mpimaji hucheka mpaka anakohoa. "Nitawaona lini?"

"Karibuni, kipenzi."

"Karibuni yako imeota ndevu."

Mwalimu hugeuza mazungumzo, na moyoni hilo humchoma. Maana yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana: uhusiano wa kujificha ni mchwa, mtu akiwa wa maana kwako, mtaje kwa watu wako. Maswali alilibeba somo hilo zima zima mpaka nyumbani, akamweleza mama yake habari za kijana wa darasa la jirani aliyekuwa akiandikiana naye. Mama alifoka wiki nzima, simu ikafungiwa kabatini mwezi. Binti akarudi ukumbini macho yamevimba, akasema, "Nimefanya ulivyosema, Mwalimu." Mwalimu alimkumbatia. Usiku wa siku hiyo hakumbadilisha Fundi Bomba jina.

Mapenzi, wanasema, ni kikohozi. Siku ya kukohoa ikafika Jumamosi moja ya joto, somo likiwa limepitiliza muda kama kawaida, bomba la jiko la ukumbi lilipopasuka na maji yakaruka mpaka dari. Vijana wakapiga mayowe ya furaha. Mwalimu akashika sketi, akakimbilia nyumbani kwa Mchungaji, mtaa wa pili, kufuata ufunguo wa kibanda cha mita ya maji.

Hajafika kona, kikapu kikatetemeka.

"Bwana asifiwe!" Maswali akasema aliposoma kioo. Akaidaka simu. "Fundi, shikamoo, Mungu amekutuma! Bomba limepasuka hapa ukumbini, njoo mbio, njoo na spana!"

"Fundi nani?"

"Si wewe Fundi Bomba? Hapa imeandikwa Fundi Bomba. Kila Jumamosi unapiga."

Sauti ya upande wa pili ikasema taratibu, "Nakuja."

Mwalimu aliporudi anahema, maji yakiwa yamefungwa kule kibandani, alikuta vijana wameunda duara jikoni. Katikati, amepiga goti kwenye dimbwi, suruali ya kijivu imelowa mpaka kiunoni, miwani imejaa matone, Mpimaji alikuwa ameling'ang'ania bomba kwa shati lake jeupe. Amebaki na fulana.

"Mwalimu, fundi wako hana hata spana!" mmoja akashtaki.

"Na ana viatu vya harusi!"

Mpimaji akainuka, akavua miwani, akaikausha polepole kwa ncha ya fulana. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeuliza njia na anasubiri kuonyeshwa. "Wadogo zangu, mimi bomba sijui hata linavyofunguliwa. Muulizeni Mwalimu mimi ni nani."

Nyuso kumi na tisa zikamgeukia.

Siku nyingine angekuwa na maneno elfu. Siku hiyo mdomoni lilikuja moja, nalo lilikuja lenyewe. "Ni... ni mteja wangu. Wa mapazia."

Mpimaji akatikisa kichwa mara moja, akakamua shati lake, akalivaa likiwa limelowa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. "Poleni na maji," akawaambia vijana. Akaenda zake, viatu vikilia chwa, chwa, mpaka getini.

Hakuna aliyecheka. Maswali alikuwa bado ameshika simu, na ilikuwa inawaka kwa ujumbe aliotuma Mpimaji asubuhi: *Siku njema, roho yangu.*

"Mwezi uliopita," binti akasema, "ulitufundisha yule mtume aliyemkana Bwana wake pale uani, watu wakiota moto. Ulisema tusimcheke." Akairudisha simu kikapuni kama anayeweka yai. "Mimi nilimwambia mama yangu, Mwalimu. Wewe wako ulimwita Fundi Bomba."

Akachukua simu yake, akatoka.

Jumapili Mpimaji hakupokea. Jumatatu hakupokea. Jumanne Mwalimu alishona pazia la mteja juu chini, akalifumua, akalishona tena vilevile. Jumatano mchana simu ikapokelewa.

"Nakusikiliza."

"Umekasirika kuitwa Fundi Bomba. Una haki."

"Hilo? Hilo nililicheka njia nzima nikienda. Nilisema nikifika nitakutania mpaka ulie. Nimeumia kuitwa mteja."

Mwalimu akakaa juu ya majora ya vitambaa. Akamsimulia alichokuwa hajamsimulia: kwamba miaka minne nyuma alisimamishwa mbele ya kanisa zima pamoja na mwanaume aliyemchumbia, wakapigiwa makofi na vigelegele, tarehe ya harusi ikatangazwa. Zikiwa zimebaki wiki tatu, mwanaume akahama mji bila kuaga. Mwaka mzima Mwalimu aliishi kwa "pole". Pole mlangoni, pole sokoni, pole mpaka za watu waliokuja kutazama tu kama amekonda.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka mtu mmoja duniani asiyenihurumia."

"Sasa ndiyo ukanificha mimi, kama mimi ndiye niliyehama?"

Mwalimu akasema, "Jumamosi nitawaambia vijana. Uje, usije, nitawaambia. Nimewadai ukweli na wao wakatoa. Wangu niliuweka kabatini."

"Sawa," Mpimaji akasema. Haikujulikana ni sawa ya namna gani.

Jumamosi walikuja wote, hakukosa hata mmoja, maana umbea nao huhubiri. Kumi na wanane walikaa. Maswali alikuja pia, lakini alisimama mlangoni, begi begani, mguu mmoja nje.

Mwalimu alivaa miwani yake mpya, aliyokuwa haivai ukumbini asiulizwe kaitoa wapi. Nyuso zote zikawa wazi mno. Akawaambia, bila kuremba: yule si mteja, ni mpenzi wangu, nampenda, nilimficha kwa sababu naogopa kuachwa mkiwa mnaona. Nikawafundisha ninyi ujasiri niliokuwa sina. Nisameheni. "Na wewe wa mlangoni," akasema, "wewe ulinishinda."

Nje ya mlango yakasikika maneno, "Samahani, mdogo wangu, nipishe." Maswali akasogea. Mpimaji akaingia na shati lingine jeupe. Hakwenda kwa Mwalimu. Alivuta kiti cha plastiki mpaka mbele, akakaa akiwatazama vijana.

"Nasikia hapa watu huuliza," akasema. "Niulizeni."

Wakamrukia. Unasali wapi? Unajua kuimba? Unampenda kwa nini? ("Alinigombeza mbele ya foleni nzima, nikaona huyu hatanidanganya," akajibu, na Mwalimu akafunika uso.) Zamu ikamfikia Maswali.

"Ukija kumuacha, utakuja kutuambia wewe, au tutaona tu umepotea?"

Mpimaji alifikiri kwa muda mrefu. Mwalimu alipenda kule kufikiri kuliko kiapo chochote.

"Sina mpango wa kumuacha. Lakini ikitokea, nitakaa kwenye kiti hiki na kuwaambia mimi mwenyewe. Mtanizomea, na nitakaa mpaka mmalize."

Binti akamgeukia Mwalimu. "Na wewe? Akikuacha?"

"Nitalia," Mwalimu akasema. "Mtaniona nalia, na mtasema pole, na nitaipokea. Jumamosi inayofuata nitakuja kufundisha, hata kama macho yamevimba."

Maswali akamtazama, kama anayepima kitambaa kwa jicho. Akashusha begi. Akaingia, akakaa kiti cha mbele kabisa.

"Na mimi nina swali," Mpimaji akasema, akisimama. "Nataka kwenda kumsalimia mama yake Mwalimu, leo leo, kabla jua halijazama, nimweleze ninachotaka. Tatizo sijawahi kuonyeshwa nyumba. Nani anapajua?"

Mikono ya wote kumi na tisa ikaruka juu, wengine wakiinua yote miwili, viti vikaanguka. Katikati ya kelele hizo Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha, taratibu, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu lake, naye akainua mkono.